Kidole Gumba cha Mwenda wa Bayeke

Mtu huyu alikuwa na majina matatu, na kila jina lina zama zake. Mwenda ni jina la Bunkeya, na pale si jina dogo: Msiri mwenyewe, aliyejenga ufalme wa Garenganze, aliitwa Mwenda Msiri Ngelengwa. Jean Bosco ni jina la ubatizo, la yule padri wa Torino aliyeanzisha shirika la Wasalesiani, na Wasalesiani walifika Elisabethville mwaka 1911. Wa Bayeke lilikuja mwishoni, mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipotutaka tuache majina ya Kikristo. Kwa hiyo kwenye santuri za kwanza utamkuta kama Mwenda Jean Bosco, Wakenya wa rika la babu zetu wanamkumbuka kama Bosco tu, na kanda za mwisho zinasema Mwenda wa Bayeke. Asiyejua jambo hili anaweza kuorodhesha wapiga gitaa watatu pale alipo mmoja. Mimi nitamwita Mwenda.

Alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Bunkeya iko kaskazini ya Likasi, katika bonde la mto Lufira, na kwa sisi tunaosoma lugha za Kiafrika ni mahali pa kusimama kidogo kabla ya kuendelea. Bayeke walitoka mashariki, upande wa Unyamwezi na Usumbwa katika Tanzania ya leo, na Kiyeke ni ndugu wa karibu wa Kisumbwa. Msiri alikuja na biashara: pembe, shaba, chumvi, na watumwa pia, jambo ambalo halifai kufichwa. Misafara ya kwenda na kurudi pwani ilipita kwake, na Kiswahili kilipita pamoja nayo. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Omer Bodson, afisa wa Kibelgiji katika msafara wa kapteni Stairs. Baada ya hapo ufalme ulivunjika, Kiyeke kikaanza kumezwa na Kisanga cha majirani, lakini Kiswahili hakikuondoka. Mwenda alizaliwa miaka 39 tu baada ya risasi ile. Wazee waliomlea walikuwa watoto wa watu waliomwona Msiri kwa macho.

Nalisema hili kwa sababu kuna kauli inayorudiwa sana kwamba Kiswahili cha Katanga ni lugha ya migodi, kitu kilichopikwa na kampuni ili wafanyakazi waelewe amri. Johannes Fabian, aliyefundisha katika mji huu miaka ya 1970, ameonyesha vizuri jinsi wakoloni walivyokisukuma Kiswahili makusudi baada ya Vita Kuu ya kwanza, wakati Union Minière ilipotaka kuacha kutegemea wafanyakazi kutoka Rhodesia. Sikatai. Lakini mtoto wa Bunkeya hakuhitaji kampuni imfundishe kwamba kuna lugha inayoitwa Kiswahili. Aliikuta nyumbani, imekaa pembeni ya Kiyeke na Kisanga, kama mgeni aliyezoeleka.

Mji wa ujana wake ulikuwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Mji wa shaba na kobalti, na Shinkolobwe haiko mbali, ule mgodi ulioupa ulimwengu urani ya mabomu ya 1945. Watu walikuja kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, kutoka ng'ambo ya mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, kila mmoja na lugha yake. Na kila mmoja aliyekuwa na mshahara aliweza kununua vitu vya mjini: baiskeli, saa, gitaa. Santuri zenye alama ya GV zilikuwa zikiuzwa Afrika tangu mwaka 1933, nyingi zikiwa muziki wa Kuba, na Trio Matamoros walisikika hapa kwetu kama majirani. Filamu za makauboi nazo zilileta picha ya mwanamume mmoja, kofia moja, gitaa moja. Mwenda alikula katika sahani hizo zote, pamoja na ngoma na malimba ya nyumbani. Ukimsikiliza kwa haraka utasema ni Kuba. Ukimsikiliza mara ya kumi utaacha kusema hivyo.

Mwaka 1952 gari la Hugh Tracey lilifika Jadotville. Tracey alikuwa Mwingereza aliyefika Rhodesia ya Kusini akiwa kijana kufanya kazi shambani, akaanza kuandika nyimbo za wafanyakazi wenzake, na hatimaye akafanya kazi hiyo kuwa maisha yake: kuzunguka Afrika ya kusini na ya kati na mashine za kurekodi. Alimkuta Mwenda barabarani na gitaa, kijana wa miaka 22, akamrekodi. Masanga ikatoka kwenye santuri ya Gallotone, na mwaka ule ule ikapewa nafasi ya kwanza katika Tuzo ya Osborn ya muziki bora wa Kiafrika.

Kuhusu neno masanga lenyewe, wenzetu wa Kinshasa hucheka, maana kwa Kilingala ni pombe. Lakini wimbo huo hujulikana pia kama Masanga Njia, na hapa tuko upande wa kusini wa ramani: katika Kibemba kusanga ni kukuta, kupata. Masanga njia ni pale njia zinapokutana, njia panda. Ni jina lililomfaa mtu wa Jadotville.

Sasa nieleze jinsi mimi, mwanafunzi wa isimu nisiyekuwa na mpiga muziki hata mmoja katika ukoo, nilivyofika kwenye nyuzi za gitaa. Tasnifu yangu inahusu Kiswahili katika nyimbo za Katanga za miaka ya 1950. Mpango ulikuwa rahisi: sikiliza, andika maneno, panga mistari, kisha changanua. Kusikiliza nilisikiliza. Kuandika niliandika. Kwenye kupanga mistari nikakwama. Mwimbaji anaanza sentensi, anaikata katikati, gitaa linaendelea peke yake, kisha anamalizia sentensi mahali ambapo kwa mujibu wa sarufi haikutazamiwa. Je, mstari unaisha pale anapopumua, au pale sentensi inapoisha, au pale gitaa linaporudi mwanzo wa mzunguko? Profesa mmoja aliniuliza swali hilo mbele ya wenzangu, na jibu halikuwa kwenye karatasi. Lilikuwa kwenye gitaa. Nikaazima gitaa la binamu yangu, nikanunua nyuzi mbili zilizokosekana, na nikaanza kumtafuta mtu wa kunionyesha.

Nilimpata Katuba, mzee aliyepiga gitaa kavu tangu ujana wake. Gitaa kavu ni lile lisilo na umeme. Wafaransa nao huita hivyo hivyo, na Wakenya wamelichukua neno. Baba huyu hasomi nota wala hataji majina ya mishiko. Njia yake ya kufundisha ni moja. Anakaa mbele yako goti kwa goti, anapiga, anasimama, anakutazama. Ukikosea anapiga tena kwa mwendo ule ule, wala hapunguzi. Nilimwomba apunguze, akanieleza kwamba wimbo uliopunguzwa ni wimbo mwingine. Mwezi wa kwanza niliona huo ni ukaidi wa wazee. Mwezi wa tatu nilianza kumwelewa, maana vidole hukariri mwendo pamoja na mahali, na ukivifundisha mwendo wa kobe vitakataa kukimbia.

Kwa anayeanza, jambo la kwanza ni mkono wa kulia. Mtindo wa Katanga unatumia vidole viwili tu: gumba na cha shahada. Vingine vitatu vinakaa vimekunjwa au vimetulia juu ya ubao wa gitaa. Ukisikia santuri ya Mwenda kwa mara ya kwanza huwezi kuamini, unadhani kuna watu wawili, au walau vidole vitano vyenye njaa. Gumba kinashughulikia nyuzi nene, cha shahada kinashughulikia nyembamba, na ugumu wote uko katika kuvifanya visisikilizane. Mkono wa binadamu unapenda kubana vidole viwili pamoja. Tumefanya hivyo tangu tulipoanza kuokota punje za mahindi. Hapa unatakiwa kuvitenganisha: kimoja kigonge, kingine kisubiri, kisha kisichosubiri kisubiri. Kila vikigongana pamoja kwa bahati mbaya, wimbo unakufa, unabaki kelele ya nyuzi.

Jambo la pili ni kwamba gumba si mtumishi. Katika muziki mwingine wa gitaa gumba kinapewa kazi ya saa ya ukutani, kinapiga besi zake mbili kwa zamu na wimbo unapita juu yake. Kwa Mwenda gumba nacho kina la kusema. Kinachukua kipande cha wimbo, kinakiacha, cha shahada kinakidaka. Niliendelea kwa wiki nyingi nikitafuta wimbo katika nyuzi nyembamba, na wimbo haukuwapo huko peke yake. Siku moja baba wa Katuba alinifumba masikio kwa kunipigia sehemu ya gumba tupu, kisha sehemu ya cha shahada tupu. Hakuna hata moja iliyofanana na Masanga. Alipoziunganisha, Masanga ilikuwa pale, imetoka hewani.

Hilo lina maelezo yake ya kisayansi, na ni zuri. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyejifunza kupiga marimba ya Baganda, aliandika mwaka 1962 kuhusu miziki ya Afrika ya mashariki na ya kati ambamo sikio linasikia wimbo ambao hakuna mpigaji hata mmoja anayeupiga. Wapigaji wanaingiliana, na sikio linakusanya noti zilizo karibu kwa kimo, linatengeneza sauti yake. Mwenda alifanya hivyo peke yake, kwa vidole viwili. Kwetu sisi wa isimu jambo hili halipaswi kuwa geni. Toni ya sentensi ya Kibantu nayo haisikiki ukichukua silabi moja moja. Inatokea pale silabi zinapopangwa.

Na kwa kweli mtu wa kwanza kuuchambua muziki wa Mwenda kwa kina alikuwa mtu wa toni. David Rycroft alikuwa mwalimu wa lugha za Kinguni mjini London, anajulikana kwa kazi zake juu ya toni ya Kizulu na Kiswati. Mwaka 1961 na 1962 alichapisha makala yenye sehemu mbili katika jarida la African Music kuhusu ubunifu wa Mwenda kwenye gitaa, akiandika noti kwa noti kile alichokisikia. Sehemu ya pili ilitoka mwaka ule ule na makala ya Kubik, katika jarida lile lile. Rycroft alionyesha kwamba Mwenda hapigi wimbo ule ule mara nyingi. Anachukua wazo dogo, analirudia, analigeuza kidogo, kisha analiacha kwa jingine, na mabadiliko hayo yana utaratibu. Ninapoisoma makala hiyo naona mkono wa mwanaisimu: anatafuta kipashio kidogo kabisa, kisha anatafuta kanuni za kukipanga. Nimeichapa na kuibandika ukutani. Baba wa Katuba aliitazama kwa heshima, akauliza kama inaweza kupigwa. Inaweza, nikamwambia, lakini itachukua muda mrefu kuliko kukaa na wewe.

Nirudi kwenye maneno, maana ndiyo kazi yangu. Mwenda aliimba kwa Kiswahili zaidi, na kwa lugha za nyumbani pia. Kiswahili chake ni cha hapa. Kina mu- iliyo kamili mahali ambapo sanifu ina m- tupu, kina ba- ya watu badala ya wa-, kina ka- na tu- za udogo, zile ngeli ambazo sanifu iliziacha na sisi tukazihifadhi, au tukazichukua tena kutoka kwa Kisanga na Kibemba. Katika darasa mambo haya huitwa makosa, au kwa adabu zaidi, athari za lugha mama. Jaribu basi kuyaimba juu ya mzunguko wa gitaa la Mwenda. Neno mtu na neno mutu yana silabi mbili sawa, na mkazo uko mahali pale pale, kwenye silabi ya kwanza. Lakini m iliyobeba mkazo inaimbwa midomo ikiwa imefungwa. Sauti inabaki puani. Mu inafungua kinywa, na mwimbaji anaweza kuivuta mpaka gumba kifike kwenye uzi wake. Nimepima jambo hili katika nyimbo zote nilizoziandika, na mahali ambapo gitaa linamwachia mwimbaji nafasi ya kuvuta, mara nyingi anavuta irabu ambayo sanifu haina. Sidai kwamba Mwenda alichagua sarufi kwa ajili ya gitaa. Alisema kama watu wa mji wake walivyosema. Ninachodai ni kwamba gitaa lake lilikatwa kwa kipimo cha Kiswahili hicho, kama suti, na ukimvisha sanifu linabana mabegani. Ukitaka kuona, mpe mwanafunzi aliyelelewa na redio za mashariki aimbe wimbo huo huo. Atamaliza neno mapema na kubaki akisubiri.

Na mstari, lile swali la profesa? Unaisha pale gumba kinaporudi kwenye uzi wake wa nyumbani. Sentensi inaruhusiwa kuvuka mpaka huo, kama vile katika shairi lolote sentensi inavyoweza kuvuka kituo. Nimelazimika kupanga upya nyimbo zote, na utungaji ambao kwenye karatasi ulionekana umelegea, sasa una kiuno.

Jambo linalonishangaza zaidi katika maisha yake ni safari ya Nairobi, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikaa huko kwa kipindi, akawa na kipindi chake cha redio, kilichodhaminiwa na watengenezaji wa vidonge vya Aspro. Edouard Masengo naye alikwenda, yule wa kikundi cha JECOKE, yaani vijana wachekeshaji wa Kenya, na hapa Kenya ni komuni yetu ya Lubumbashi wala si nchi. Fikirini, ndugu wasomaji: katika mji ambao Kiswahili sanifu kilikuwa na vitabu vyake, sauti iliyowakusanya watu mbele ya redio ilikuwa inaimba mutu na batu. Hakuna aliyeitaka irudi shule. Vijana wa magharibi ya Kenya walichukua vidole viwili vile na kuvihamishia kwenye nyimbo za Kiluhya. Mtindo wa omutibo wa George Mukabi una damu hiyo. Chupa ya soda ikakwaruzwa pembeni kuweka mwendo. Wengi wao hawakuwahi kukaa goti kwa goti na Mwenda. Walijifunza kwenye santuri, kwa kurudisha sindano nyuma mpaka mfereji uchakae, na baadhi ya maneno waliyaimba bila kujua maana yake, kama sisi tulivyoimba maneno ya Kispania ya Wakuba. Lugha ilisafiri ikiwa imepanda juu ya gumba.

Huku nyuma, nchi ilikuwa inapasuka. Uhuru tarehe 30 Juni 1960, Katanga kujitenga siku 11 baadaye, na kujitenga huko kuliisha Januari 1963. Miaka iliyofuata ya Mwenda haina makelele. Hakuishi kwa gitaa peke yake, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililomweka salama: alifanya kazi benki, alifanya kazi za utawala, alifanya kazi Gécamines, aliongoza bendi yake ya Super Shaba, na alikuwa na hoteli upande wa mpaka wa Zambia. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport huko Marekani. Akarudi, akaendelea na kazi. Muziki wa Kinshasa ulikuwa umeshachukua nchi nzima, magitaa matatu ya umeme, ngoma, wacheza dansi, na Kilingala. Mtu mmoja na gitaa kavu na Kiswahili alionekana mambo ya wazee.

Hapo ndipo wanafunzi wake wa ajabu walipoanza kufika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuja John Low, mpiga gitaa kutoka Uingereza, ambaye alizisikia santuri zile na kuamua kwamba njia ya kuzijifunza ni kuwatafuta waliozipiga. Aliwatafuta Mwenda, Masengo na Losta Abelo, akakaa nao, akatazama vidole, akaandika kitabu cha safari hiyo kilichotoka Vienna mwaka 1982. Baadaye alikuja Mmarekani Elijah Wald kwa nia hiyo hiyo. Wote wawili walikuwa wapigaji wazuri tayari walipofika, na wote wawili walilazimika kuanza upya na kidole gumba. Nikiwa ninahangaika na nyuzi zangu huwa inanifariji kidogo, na kunikera kidogo pia. Watu walipanda ndege kutoka Ulaya na Amerika kuja kujifunza kitu ambacho mimi ninakifikia kwa taksi, na ilinibidi nikisome kwanza kwa Kiingereza ili nijue kwamba kipo.

Mwaka 1988 Mwenda alirekodi tena, safari hii Cape Town, studio yenye utulivu wote ambao barabara ya Jadotville haikuwa nao. Kanda hiyo imemhifadhi akiwa na miaka 58. Kwa anayejifunza ndiyo mwalimu bora kuliko santuri ya 1952, kwa sababu kila uzi unasikika mahali pake. Mimi hulala na ile ya 1952 na kufanya mazoezi na ile ya 1988.

Alifariki Septemba 1990 katika ajali ya barabarani. Kwa mtu wa chuo katika Lubumbashi mwaka 1990 una mwezi mmoja tu, nao ni Mei, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12, na sitaufungua hapa. Huenda ndiyo sababu nilipowauliza walimu wetu waliokuwa wanafunzi wakati ule, wengi waliikumbuka Mei kwa saa na dakika, lakini kifo cha Mwenda walikijua kwa kuhesabu tu.

Kanda za Tracey ziko Makhanda, Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo leo iko chini ya Chuo Kikuu cha Rhodes. Sehemu yake kubwa imewekwa kwenye intaneti, na kwa megabaiti za elfu chache za faranga unaweza kusikiliza jioni nzima. Kilichobaki hapa kwetu ni kile kisichorekodika vizuri: pembe ya kifundo, jinsi kucha ya gumba inavyokatwa, kidole kipi kinanyanyuka kwanza. Katika Katuba, Kamalondo na Kenya kuna wazee wanne ninaowajua wanaoyabeba mambo hayo, na wa umri mdogo kuliko wote anapita miaka 70.

Baba wa Katuba amekubali kuja kitivoni muhula ujao, siku ya Alhamisi baada ya somo la fonolojia, ili wanaochambua nyimbo waone vidole kabla ya kuandika mistari. Ametoa masharti mawili. La kwanza, atakayekaa mbele alete gitaa lake mwenyewe. La pili, mtu asimwombe apunguze mwendo.